Baridi yabisi na vitamini D: maswali kutoka Nyanda za Juu Kusini

Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai ndiyo inayoleta baridi yabisi?
Hapana. Kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia utando wa ndani ya viungo. Baridi huweza kuzidisha maumivu tu. Ukiamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba, huwezi kufunga vifungo vya shati kwa zaidi ya nusu saa, na hali hiyo imepita wiki 6, nenda hospitali.

Kipimo kimeonyesha vitamini D iko chini. Ndiyo maana naumwa zaidi?
Wenye kiwango cha chini mara nyingi ndio wenye viungo vingi vilivyovimba, hilo limeonekana katika tafiti nyingi. Lakini anayeumwa magoti hushinda ndani, halikuti jua, na uvimbe wenyewe hushusha kipimo. Kwa hiyo upungufu unaweza kuwa matokeo ya ugonjwa. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2022, uliohusisha watu zaidi ya 25,000, ulionyesha kwamba vizio 2,000 vya vitamini D kwa siku kwa miaka 5 hivi vilipunguza magonjwa mapya ya kinga kushambulia mwili kwa takriban asilimia 22. Huko ni kuzuia ugonjwa usianze. Kwa aliyekwisha kuugua, majaribio ya vidonge yamepishana majibu.

Basi nisijisumbue nayo?
Jisumbue, kwa ajili ya mifupa. Baridi yabisi huidhoofisha, na prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, huidhoofisha zaidi, hasa ile inayonunuliwa dukani na kumezwa miezi mingi bila daktari kujua. Kipimo cha vitamini D kikiwa chini ya nanogramu 20 kwa mililita, huo ni upungufu.

Jua la asubuhi linatosha?
La saa 1 lina miale michache mno inayotengeneza vitamini D. Toka kati ya saa 4 na saa 9, kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, mikono na miguu ikiwa wazi. Hata Julai jua la mchana la huku lina nguvu ya kutosha. Tatizo ni sweta na kitenge juu yake. Kuota jua nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii. Mwenye ualbino asiote jua kabisa, atumie vidonge.

Vidonge vinamezwaje?
Kwa kawaida vizio 800 hadi 2,000 kwa siku (kopo huandika IU), pamoja na chakula chenye mafuta; parachichi la Rungwe linafaa sana. Usivuke 4,000 bila daktari. Kidonge cha 50,000 ni cha mara moja kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 8. Ukikimeza kila siku, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, figo kuumia. Rudia kipimo baada ya miezi 3.

Naweza kuacha methotrexate, dawa yangu ya baridi yabisi?
Usiache. Hiyo ndiyo inayozuia viungo visipinde, vitamini D haifanyi kazi hiyo. Nayo humezwa siku moja tu kwa wiki: chagua siku, iandike kwenye pakiti. Kuimeza kila siku kumeua watu.