Uvimbe kwenye ini sio lazima iwe kansa

Juzi hapa Kigoma shangazi katoka kupiga ultrasaundi na karatasi imeandikwa uvimbe kwenye ini sm 4, basi nyumba nzima kilio, eti kansa hiyo. Jamani, ultrasaundi peke yake mara nyingi haitoshi! Uvimbe wa mishipa ya damu sio kansa, ukipigwa CT (picha ya kompyuta ya ndani ya mwili) yenye dawa ya mshipani unajaa dawa hiyo taratibu kutoka pembeni kwenda kati, daktari kashaujua bila kuchoma sindano. Inayosumbua ni ile adimu, anjiomiolipoma, mafuta na mishipa na misuli vimechanganyika, kwenye picha inaweza kufanana na kansa kabisa, ndo wanatoa kinyama kidogo maabara wanakipima na kipimo cha rangi kiitwacho HMB-45, kinyama kikishika rangi, basi hiyo ni dalili kubwa ndo yenyewe. Shangazi anasubiri CT, migebuka anakula kama kawa.