Je, Wajua Kwa Nini Mchezaji wa Netiboli Hakimbii na Mpira?

Saa kumi jioni kwenye shule ya wasichana, Tanzania. Kengele ya michezo imeshalia. Uwanja ni wa vumbi, una nguzo mbili zenye pete, na binti wa Kidato cha Kwanza anayeota kufika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, amedaka mpira, akajisahau, akapiga hatua tatu. Filimbi hiyo! Wenzake wanacheka. Umepata mpira, mbele kweupe, halafu unaambiwa uusimamishe mwili hapo hapo?

Wengi watakuambia ni kwa ajili ya magauni: wanawake wa zamani walivaa marefu hadi kwenye vifundo vya miguu, wakatungiwa mchezo usio na mbio. Jibu hilo ni kweli nusu.

James Naismith alipobuni mpira wa kikapu mwaka 1891, mjini Springfield, Marekani, wachezaji wake walikuwa wanaume watupu. Sheria zake zilikuwa 13, na ya tatu ilikataza kukimbia na mpira: uurushe kutoka pale ulipoudakia. Asiyekimbia na mpira hakuna haja ya kumkwatua. Kudunda kulikuja baadaye, wachezaji walipogundua ujanja wa kujipasia wenyewe. Kumbe wasichana hawakutungiwa katazo hili. Kikapu ndicho kilicholilegeza, netiboli ikabaki nalo.

Magauni, na hofu zilizoandamana nayo, yaliacha alama kwenye mipaka. Mwaka 1892 Senda Berenson, mwalimu wa Smith College, chuo cha wanawake huko Marekani, aliwafundisha wanafunzi wake kikapu, lakini akaugawa uwanja sehemu tatu na kumtaka kila mmoja abaki kwake, maana siku hizo iliaminika kwamba mbio nyingi zingewadhuru wanawake. Akakataza pia kunyang'anyana mpira, na kuushika zaidi ya sekunde tatu. Mwaka 1893 mchezo ulifika London, kwenye chuo cha mazoezi ya viungo cha Martina Bergman-Österberg, ukabadilika huko hadi ukawa netiboli. Sheria zake zilichapishwa mwaka 1901. Walimu wa Kiingereza wakaubeba hadi kwenye shule za makoloni. (Chuo hicho hicho ndicho kinachotajwa kuwa chimbuko la lile gauni la shule lisilo na mikono, lenye marinda. Dawa ya gauni refu ilikuwa gauni fupi, si kupunguza mbio!)

Mipaka ipo hadi leo. Senta huzunguka uwanja wote isipokuwa ndani ya nusu duara za kufungia, ilhali GS (mfungaji) na GK (mlinda goli) kila mmoja ana theluthi yake tu. Ndiyo maana wana herufi kifuani: mwamuzi amjue aliyevuka.

Mimi naona katazo lile ndilo utamu wenyewe. Kwenye kandanda, mwenye chenga anaweza kuwapita watu wanne peke yake, wenzake wakabaki watazamaji. Kwenye netiboli binti mwenye kasi kuliko wote ana sekunde tatu tu za kumtafuta mwenzake, kwa hiyo wanaotoka mbio ni wale wasio na mpira.

Na si kwamba mwenye mpira amepigwa msumari. Akitua kwa mguu mmoja, anaruhusiwa kukanyaga wa pili na kuuinua ule wa kwanza. Ule wa kwanza tu usirudi chini kabla mpira haujamtoka mkononi. Binti wetu wa Kidato cha Kwanza alizidisha kidogo sana.