Alama ya ə si sauti moja

Chukua neno profesa. Tumelitoa kwenye Kiingereza, na kwa matamshi ya Uingereza silabi ya kwanza na ya mwisho zina irabu moja: [prəˈfesə]. Kwa Kiingereza zote mbili huandikwa kwa herufi o. Sisi tumeipokea irabu hiyo kwa sura mbili, o mwanzoni na a mwishoni. Mwanzoni jicho liliamua, likafuata tahajia; mwishoni sikio likashinda, ndiyo maana hatusemi profeso. Wanaisimu huiita irabu hiyo shwa, na alama yake ni ə. Huanza nayo kila ninapofundisha unukuzi, yaani kuandika matamshi kwa alama, maana sikio lililolelewa kwa irabu tano hulipita bila kulisikia neno lenye shwa, au huligeuza papo hapo.

Kuitamka si kazi. Legeza taya, ulimi ulale katikati, usiinuke mbele kama kwa i wala nyuma kama kwa u, midomo isiviringe, kisha toa sauti. Hapo njia ya sauti, kutoka kooni hadi midomoni, inakaribia kuwa bomba lenye upana uleule mwanzo hadi mwisho. Bomba la sentimita 17.5 lililozibwa upande mmoja huvuma kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 500, 1500 na 2500 hivi, na shwa ya mwanamume mzima huwa karibu na hapo. Naipenda sana hesabu hii. Hakuna irabu nyingine inayokubali kukokotolewa kwa wepesi kama huu.

Jina lake limetoka Kiebrania, ambako shva ni nukta mbili zilizosimama wima chini ya herufi. Alama yenyewe, e iliyogeuzwa juu chini, ilitumiwa na mwanaisimu Mjerumani Johann Andreas Schmeller katika miaka ya 1820 alipokuwa akieleza lahaja za Bavaria, na baadaye ikaingia kwenye Alfabeti ya Kifonetiki ya Kimataifa, mfumo wa alama za kuandikia sauti za lugha yoyote.

Sasa, ukiiona ə mahali, usikimbilie kuisoma shwa. Katika alfabeti ya Kiazabajani ə ni herufi ya kawaida, na sauti yake ni [æ], irabu ya mbele iliyo wazi, mbali kabisa na katikati ya kinywa. Kiamhari kinatega zaidi: wataalamu wengi wa lugha za Ethiopia huandika ə kwa irabu ambayo alfabeti ya kimataifa huiandika [ɨ], ya juu zaidi, na ile iliyo karibu na shwa huipa alama ä. Niliwahi kunukuu ukurasa mzima wa maneno ya Kiamhari nikiwa sijalijua hilo, ikabidi niurudie wote.

Na kinyume chake, shwa huvaa nguo nyingi. Kialbania huiandika ë, Kiarmenia kimeipa herufi yake, ը. Kihindi hakiiandiki: imo ndani ya konsonanti yenyewe, na mwisho wa neno kwa kawaida haitamkwi. Kiindonesia huitumia e ileile kwa sauti mbili, hivyo teras yenye [e] ni baraza na teras yenye [ə] ni kiini cha mti. Maandishi hayakuambii ni ipi. Kiromania ndicho ninachokitumia kuzoeza masikio ya wanafunzi: rău, yenye [ə], ni mbaya, na râu, yenye [ɨ], ni mto. Ukiweza kuzitenganisha hizo mbili, umeshaipata.

Kifaransa bado kinaleta ubishi. Kamusi hunukuu neno le kwa ə, ilhali wasemaji wengi huviringisha midomo hata sauti ikaegemea [ø] au [œ]. Mimi huiacha ə ndani ya mishazari, /lə/, kwa kuwa hapo tunataja fonimu, yaani sauti inayotofautisha maneno, na mazoea ya kamusi yanatosha. Ndani ya mabano ya mraba naandika nilichokisikia: midomo ikiwa imeviringa, ə haiingii.