Kufundisha mtandaoni si nusu bei

"Hukupanda boda, hukukwama kwenye foleni ya Jinja Road hapa Kampala, basi nipunguzie nusu." Wazazi hulisema hili kila muhula, na wanaoniudhi zaidi ni walimu wanaolikubali. Tangu lini nauli ikawa nusu ya ada? Mzazi analipia kuandaa, kufundisha na kusahihisha. Mtandaoni kusahihisha ndiko kunakozidi: kazi ya hesabu ya darasa la saba iliyopigwa picha kwa simu kwenye mwanga hafifu inachosha kuliko daftari lililo mezani.

Chukua mwalimu anayetaka kubaki na shilingi za Uganda 1,200,000 kwa mwezi. Data 100,000, akiba ya kompyuta na betri 100,000; jumla 1,400,000. Ratiba ina vipindi 60. Wengi hugawa kwa 60, na hapo ndipo wanapoumia, kwa sababu vipindi 60 havifanyiki vyote. Umeme hukatika, mtoto huugua, mzazi husahau. Gawa kwa 50: kipindi ni 28,000. Aliyesahau gharama na kugawa kwa 60 atataja 20,000, kisha akubali "nusu" ya 10,000. Vipindi 50 vitampa 500,000. Akitoa gharama, anabaki na 300,000. Na kila kipindi cha saa moja kina kama dakika 40 za kazi isiyoonekana.

Mzazi asiyemudu, mpe kikundi cha wanne, 10,000 kila mmoja. Wakizidi hapo huoni tena nani anakokotoa na nani ananakili.

Malipo yatangulie, vipindi vinne vinne. Kutoa pesa kwenye simu kuna ada ya kampuni ya simu na kodi ya asilimia 0.5, kwa hiyo ujumbe wa bei useme wazi: "pamoja na ya kutolea." Anayeahirisha zikiwa zimebaki chini ya saa sita analipa. Umeme ukikatika kwa mwalimu, mwalimu afidie. Ukikatika kwa mwanafunzi? Hapo bado nasitasita. Kudai pesa yote ni ukali, kusamehe kila mara ni hasara. Kwa sasa naona wagawane nusu kwa nusu.

Watahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, humaliza mwanzoni mwa Novemba na malipo yao hukoma, kwa hiyo tenga akiba tangu muhula wa kwanza. Bei mpya itangazwe kabla ya shule kufunguliwa Februari. Kuipandisha muhula wa tatu, mtahiniwa akiwa hana pa kwenda, ni kumkaba mzazi.