Dadu Zinazorekebishwa: Zinambeba Nani?

Dhana potofu: Mfumo wa kurekebisha bahati katika michezo ya kompyuta umewekwa ili kumpendelea mchezaji.

Ukweli: Katika Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta uliotolewa na Larian Studios mwaka 2023, mfumo uitwao dadu za karma huwa umewashwa tangu mwanzo. Kazi yake ni kukatiza mfululizo wa kushindwa, yaani anayerusha dadu ya pande 20 akakosa mara kadhaa husogezewa matokeo mema. Kinachosahaulika ni kwamba maadui nao hurekebishiwa bahati yao vivyo hivyo. Mchezaji aliyemvika mhusika wake deraya nzito, hata adui akawa hampati ila kwa kuangukia 20, yaani mara 1 kati ya 20, ameuweka ulinzi wake wote katika kukosa kwa adui, na mfululizo huo wa kukosa ndio hasa mfumo unaokuja kuukatiza. Aliyegharimia kinga ndiye anayeumia, jambo ambalo mimi naliona ni dhuluma kidogo.

Dhana potofu: Basi kila marekebisho humwadhibu mwenye kukwepa.

Ukweli: Fire Emblem: The Binding Blade, wa mwaka 2002, unaonyesha kinyume chake. Badala ya namba moja ya nasibu, mchezo huo huchukua wastani wa namba mbili, hivyo shambulizi linaloandikwa asilimia 90 hufaulu takriban mara 98 katika 100, na lile la asilimia 10 hufaulu takriban mara 2 tu. Adui hupigiwa hesabu hiyohiyo, lakini hapa mwepesi wa kukwepa huzidi kuwa salama kuliko skrini inavyomwambia.

Dhana potofu: Dadu zisizoguswa hugawa bahati sawasawa.

Ukweli: Penye uwezekano wa nusu kwa nusu, kukosa mara tano mfululizo hutokea mara 1 katika kila majaribio 32 ya namna hiyo, na anayerusha dadu mamia ya mara atakutana nako tena na tena, huku akiapa kwamba kompyuta inamwibia.

Dadu za karma huzimwa katika mipangilio ya mchezo. Mwenye deraya nzito na azizime. Asiyestahimili kushindwa mara kwa mara katika mazungumzo na kufungua kufuli anaweza kuziacha.