Mbwa ya kulinda mifugo ni mbwa gani hasa, na juu ya nini haisikii mtu

Hapa Lubumbashi ukisema "mbwa ya ulinzi" watu wanawaza berger alemani (German shepherd) ama boerboel ya kutoka Afrika Kusini, ile iko nyuma ya mlango wenye kibao "attention chien méchant" (angalia, mbwa mkali), unapita tu njiani inajitupa kwenye bati. Hiyo ni mbwa ya kulinda parsele, yaani kiwanja cha nyumba. Mbwa ya kulinda mifugo ni kitu ingine kabisa, na nataka nieleze vizuri juu kuna mbwa kubwa kubwa za hivyo zinaletwa kwa ajili ya mashamba ya barabara ya Kasenga na ya Likasi, kisha patron anauza shamba ama anarudi kwao, mbwa inabaki bila mwenyewe, halafu mtu mwenye moyo mzuri anaichukua mjini akifikiri amepata sentineli wa bure.

Mbwa ya kulinda mifugo ni ile inayokaa na mbuzi, kondoo ama ng'ombe mchana na usiku, inawahesabu kama jamaa yake, na inamzuia adui asiwafikie. Haichungi. Watu wanachanganya sana hapo. Mbwa ya kuchunga, sawa border collie, inamkazia kondoo macho, inamnyatia, inamkimbiza, yaani ni kuwinda kabisa ila kunakatwa kabla ya kuua. Hii ya kulinda hamu hiyo ya kukimbiza ilipunguzwa sana, wafugaji wa milimani kwa karne nyingi walibakiza zile tu ambazo zinaweza kulala katikati ya wanakondoo bila kuwagusa. Uturuki wako na Kangal, Italia wako na Maremma, na kwenye milima kati ya Ufaransa na Hispania kuna Great Pyrenees, ile nyeupe ambayo Wafaransa wanaiita patou. Dume mzima anafika kilo 50, wa Uturuki anaweza kupita 60.

Upendo wake kwa mbuzi hauji na damu peke yake. Mtoto wa mbwa anawekwa zizini akiwa bado mdogo, kuanzia wiki ya 8 hivi, anakua akinusa mbuzi, akipigwa pembe, akifundishwa adabu na mama mbuzi mwenyewe. Ukichelewa mpaka miezi minne imepita, lile dirisha la kuzoea mbuzi linafungwa, unabaki na mbwa kubwa ambayo mbuzi kwake ni mchezo. Raymond Coppinger, mtafiti wa Hampshire College huko Marekani, alianza kufuatilia mbwa hizi miaka ya 1970, na alizipima kwa mambo matatu: ikae karibu na mifugo ikiwaangalia, isiwadhuru, na isimame adui akija. Kupigana hakumo kama kazi ya kila siku. Mara nyingi mbwa inaamka, inabweka kwa sauti nzito, inaenda kusimama katikati, basi, mnyama aliyekuja kwa kunyatia anaona siri imeharibika anaenda zake.

Afrika mfano mzuri ni Namibia. Cheetah Conservation Fund, shirika ambalo Laurie Marker alilianzisha 1990, tangu 1994 linawapa wafugaji mbwa za aina ya Anatolia, na sababu yenyewe ni nzuri: mbuzi zisipoliwa, mfugaji hana haja ya kumpiga duma risasi. Na huko Australia, kisiwa kidogo karibu na mji wa Warrnambool, mwaka 2006 waliweka Maremma kulinda pengwini dhidi ya mbweha. Pengwini, wandugu! Mbwa ikizoezwa kwamba hawa ni wangu, basi ni wake.

Sasa tuje nyumbani. Mbwa ninayokaa nayo ni jike, ilitoka shamba moja lililofungwa, na saa ya magharibi ndiyo unaona kazi yake. Mchana kutwa imelala unaweza kufikiri ni mgonjwa. Jua likishuka inaamka, inajinyoosha, inafuata ukuta taratibu pua chini, inasimama kwenye kona ya muembe inakojoa, inaendelea mpaka imalize parsele yote, kisha inakuja kulala mgongo kwa mbuzi, uso kwa mlango. Ukimwita mgeni aje kuona mbuzi, haingurumi, inakuja tu kusimama kati ya magoti yake na mbuzi, inamuegemea pole pole na ule uzito wote mpaka anarudi nyuma mwenyewe bila kuelewa ameshasukumwa.

Halafu usiku inabweka. Inabwekea motopompi, mbwa za mtaa, mtu anayekohoa avenue ya tatu. Mama jirani aliniuliza, "Yaya, ile mbwa yako inaona majini?" Nikamwambia mama, inasema tu kwamba iko macho, huko milimani kubweka njo kazi inayolipiwa. (Kanisa la upande wa pili linapiga veye (mkesha wa maombi) na mabafle (spika kubwa) mpaka asubuhi, hakuna anayelalamika, lakini tuache.) Kuizuia kabisa isibweke haiwezekani. Unaweza kupunguza: usiku iingize ndani ya kibanda pamoja na mbuzi mbali na ukuta wa jirani, na ikibweka toka uangalie kweli kuna nini, iambie "sawa, nimeona", nyingi zinatulia zikijua umepokea habari.

Kutokusikia nako ni vile vile. Unaita, inakugeukia, inakuangalia, inafikiri, inarudia mambo yake. Berger alemani anangoja umwambie, hii ilizaliwa kwa kukaa mlimani peke yake ikiamua bila mchungaji. Ukiipiga unaharibu tu, inakuogopa ama inakuhesabu wewe njo adui. Na iko polepole kukomaa, mpaka miaka miwili bado ni kijana, hapo katikati inaweza kunyonyoa kuku kwa mchezo, kwa hiyo ya umri huo usiiache na kuku peke yake.

Ikifika mpya toka shambani, usifungue tu mlango. Wiki za kwanza iweke upande wake, mbuzi upande wao, kuwe na grillage (wavu wa waya) katikati wanusane, kisha itoe na kamba ndefu ukiwa hapo. Sahani yake iwe mbali, juu mbuzi akikuja kuonja bukari (ugali) ya mbwa iliyolala na njaa miezi, hapo ndipo watu wanaumia. Ukuta ni lazima, mrefu na bila tundu chini, mbwa hii mipaka yake ni pale masikio yanapofika, ikipata njia itatembea mpaka Kasapa.

Chakula hakitishi sana kama watu wanavyosema, mbwa za ukubwa huu zikishakuwa zinakula kidogo ukilinganisha na mwili wake. Bukari na samaki na mboga kidogo, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Gawanya mara mbili kwa siku na isikimbie ikishashiba, juu tumbo linaweza kujaa hewa na kujizungusha, hiyo inaua kwa saa chache. Ukiona tumbo limevimba na inataka kutapika haitoki kitu, kimbia kwa veterineri saa ile ile, UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, iko na fakulte ya mifugo, usingoje asubuhi. Chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kupe sina haja ya kusema.

Na mwezi wa kumi na joto lile, tafadhali usiinyoe. Yale manyoya ya tabaka mbili yanakinga na jua pia, chana tu yale ya ndani yanayokufa, weka maji mengi na kivuli, itachimba shimo chini ya muembe, iache ichimbe.

Kwa mwenye parsele ndogo kwenye komini ya Kenya ama Katuba hapa mjini, hana hata mbuzi moja, jirani wako ukuta kwa ukuta: mimi nasema asichukue. Ulizia kwanza wenye mbuzi wa nje ya mji, mwambie mapema kwamba inabweka, na mpelekee na kamba yake.