Kwa nini kiwanda hakipunguzi bili ya majitaka kwa kuongeza maji?

Dira ya maji huhesabu uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Penye mtandao wa majitaka, mwenye nyumba hutozwa kulingana na uniti alizotumia, na hesabu imeishia hapo. Mtwara na Lindi nyumba nyingi bado zinategemea vyoo vya shimo na makaro, na gari la kunyonya hulipwa kwa safari. Ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba kiwanda nacho kinalipia wingi tu: anayemwaga nyingi alipe nyingi, anayemwaga ndoo chache asisumbuliwe.

Dhana hiyo ina pacha wake, nao ndio mkaidi zaidi: ukiwa na uchafu mkali, fungulia bomba, uchanganye na maji mengi, mambo yameisha. Ukichota kikombe kwenye chemba, kweli rangi imepauka na harufu imepungua. Lakini hakuna kilichoondoka.

Tuseme kuna karakana ya kukamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, na tangi moja la lita 1,000 limechacha. Juisi ya bibo ina sukari kama gramu 100 kwa lita. Si sumu, watu hunywa, na ikiachwa ikachacha inakuwa uraka. Ila vijidudu vya majitaka navyo vinaipenda, na vikiila vinavuta oksijeni iliyomo majini. Kiasi cha oksijeni vinachovuta kwa siku 5, chupa ikiwa gizani kwenye nyuzi joto 20, ndicho maabara inachokiita BOD. Kwa juisi kama hiyo kipimo kinafika takriban miligramu 70,000 kwa lita. Majitaka ya nyumbani kwa kawaida huwa kati ya 200 na 400.

Lita 1,000 kwa kipimo hicho ni kilo 70 za oksijeni. Ulaya humhesabia mtu mmoja gramu 60 kwa siku, kwa hiyo tangi lile dogo ni mzigo wa watu zaidi ya 1,100 kwa siku nzima. Tazama pia upande wa bwawa linalopokea majitaka hayo ili kuyasafisha. Maji yenye nyuzi joto 30, joto ambalo si geni Mtwara, hayawezi kubeba oksijeni zaidi ya miligramu 7.5 hivi kwa lita. Ya nyuzi 20 hubeba 9. Kilo 70 ni oksijeni yote iliyomo katika mita za ujazo zaidi ya 9,000, yaani bwawa la kina cha mita 1 lenye eneo karibu hekta nzima. Mchana mwani wa bwawani hurudisha oksijeni, kwa hiyo bwawa halifi papo hapo. Usiku mwani wenyewe unavuta, na alfajiri ndiyo saa ya kunuka.

Sasa ongeza lita 9,000 za maji safi kwenye tangi lile. Kipimo kinashuka kutoka 70,000 hadi 7,000, lakini umemwaga lita 10,000, na mara 7,000 jibu ni kilo 70 zilezile. Kufikia ukali wa majitaka ya nyumbani, tuseme 400, ungehitaji jumla ya uniti 175, na dira inasoma zote.

Mkulima wa Newala au Tandahimba anaijua hesabu hii vizuri, ila anaijua ghalani. Korosho ghafi hazithaminiwi kwa uzito peke yake. Mpimaji huchukua sampuli, akazipasua moja moja, akatenga zilizooza na zilizosinyaa, akapima kiini kizuri. Jibu hutajwa kwa ratili za kiini katika gunia la kilo 80: 47, 50, 52. Ukitia mchanga gunia linakuwa zito, na kiini hakiongezeki hata chembe. Umelipia tu usafiri wa mchanga. Kwenye majitaka maji ndiyo mchanga. Mwenye mtambo wa kusafisha anataka kujua kuna kiini kiasi gani humo ndani, tofauti ikiwa kwamba hapa kiini hakimpi mtu fedha, kinamtoza.

Waingereza ndio walioipa hesabu hii umbo linalojulikana zaidi. Sheria yao ya 1937 iliruhusu viwanda kumwaga kwenye mifereji ya umma kwa kibali, na fomula ya malipo imebaki na jina la Mogden, mtambo wa majitaka magharibi mwa London. Ina vipande vinne kwa kila uniti: kupokea na kusafirisha, kutuamisha, kusafisha kwa vijidudu, na kushughulikia tope. Viwili vya kwanza havijali ukali. Cha tatu huzidishwa kwa uwiano wa ukali wa kiwanda dhidi ya wastani wa majitaka ya eneo, na cha nne kwa uwiano wa chembe zinazotuama.

Utamu wa fomula uko hapo. Chukua bei za mfano tu: vipande viwili vya kwanza jumla shilingi 500, cha tatu shilingi 400, cha tope tukiache. Kiwanda kinamwaga uniti 10 zenye ukali mara 10 ya wastani. Kusafisha: 10 × 400 × 10, shilingi 40,000. Kupokea na kutuamisha: 5,000. Jumla 45,000. Mwenye kiwanda anaongeza maji hadi uniti 20, ukali unashuka kuwa mara 5. Kusafisha: 20 × 400 × 5, bado 40,000. Kupokea na kutuamisha sasa ni 10,000. Bili imefika 50,000, na bili ya maji safi iko pembeni inamsubiri.

Fomula hii haitumii BOD, hutumia COD, yaani oksijeni inayohitajika uchafu ukiunguzwa kwa kemikali badala ya kuliwa na vijidudu: sampuli huchemshwa kwa saa 2 pamoja na asidi kali na kemikali ya dikromati, na jibu hupatikana siku hiyohiyo. Kwa mikoa ya kusini kuna sababu nyingine ya kuipenda. Sampuli ya BOD haivumilii kukaa. Isipohifadhiwa kwenye barafu, nyuzi 4 hivi, vijidudu vinaanza kula ndani ya chupa njiani, na kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Chupa ikifika uchafu umepungua, na anayefaidika ni kiwanda. Ya COD hutiwa asidi ya salfa hadi pH, kipimo cha uchachu, ishuke chini ya 2, na inaweza kungoja wiki kadhaa. Kasoro yake ni kwamba COD huhesabu hata vitu ambavyo vijidudu haviwezi kuvila, kwa hiyo viwanda viwili vyenye COD sawa vinaweza kuugharimu mtambo tofauti kabisa.

Kupima wingi nako kuna mtego. Njia rahisi ni bamba lenye pengo la umbo la V, pembe ya nyuzi 90, lililokingwa mferejini. Maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha ya V, yanapita lita 4.4 kwa sekunde. Yakisimama 20, si mara mbili. Ni karibu lita 25. Kosa la sentimita 1 ukisoma 10 linabadilisha hesabu kwa zaidi ya robo, na kitambaa kimoja kilichonasa kwenye ncha kinatosha kulileta.

Kuna vitu ambavyo havina bei, vinakatazwa tu. Sheria ya Uingereza inataja petroli, maji ya moto kupita nyuzi 43, na kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea, kwa kuwa ikikutana na maji hutoa gesi inayolipuka ndani ya bomba. Kwa kiwanda cha korosho orodha ya namna hiyo ingeanza na mafuta ya maganda. Yanayochoma vidole vya wabanguaji ndiyo yanayoua vijidudu vya mtambo, na ukiviua hivyo, hata majitaka ya majirani hayasafishwi. Mafuta hayo yana wanunuzi, kwa hiyo kuyamwaga ni hasara mara mbili.

Anayetaka kumwaga moja kwa moja mtoni au baharini anakutana na ukuta mwingine: viwango vya Tanzania vya 2007 vinaruhusu BOD 30 na COD 60 tu. Juisi ya mabibo haifiki huko bila mtambo wa kweli. Kinachopunguza bili ni kuondoa kiini kabla ya chemba. Kilo 1 ya COD ikioza pasipo hewa hutoa hadi mita za ujazo 0.35 za methani, gesi inayowaka, na tangi letu lina kama kilo 100 za COD. Juisi hiyo ina uchachu, pH yake karibu 4, na vijidudu vya methani hugoma chini ya 6.5 hivi, kwa hiyo chokaa hutangulia. Tanini za bibo, zile zinazokausha ulimi, nazo huvichelewesha, basi anza na dozi ndogo.

Asiye na uwezo wa mtambo wa gesi ajenge walau tangi la kusawazisha. Lita 10,000 zikiachiwa kwa dakika 20, bwawa linazimia. Zikiachiwa kwa saa 24 ni lita 7 tu kwa dakika. Kilo hazipungui, na bili haishuki. Valvu ndogo inatosha, ila iwekewe chujio mbele yake, maana makapi ya mabibo huiziba siku ya kwanza.